Kinachokatika mshahara unapokatika

Mitandaoni hadithi hii huja kwa sura ileile. Dada alikuwa meneja benki, au afisa masoko kwenye kampuni ya simu, au mhasibu wa shirika la kimataifa pale Masaki. Akaandika barua, akaacha kazi, leo ana kampuni yake. Chini ya picha maoni yanajipanga: hongera mama, nitie moyo na mimi, nimechoka kuajiriwa. Sijaona anayeuliza mtoto alipougua mara ya kwanza baada ya ile barua, hospitali ililipwa kwa kadi gani.

Mazungumzo yetu juu ya wanawake wanaoacha ajira rasmi kwenda kwenye biashara yamekwama kwenye ujasiri. Fulani alithubutu, fulani aliogopa. Naona ujasiri ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Mshahara wa ofisi hauji peke yake. Umefungwa pamoja na bima ya afya, mchango wa pensheni, likizo ya uzazi yenye malipo, sifa ya kukopesheka, na hata ruhusa ya kumwambia shangazi "leo siwezi, niko kazini". Barua ya kuacha kazi inalifungua fungu lote siku moja, na aliyeiandika inabidi aingie dukani kununua kimoja kimoja kwa bei ya rejareja. Ukitaka kujua nani atafika na nani atakwama, angalia hapo kwanza.

Nitatumia zaidi mfano wa Tanzania, kwa kuwa sheria zake ndizo ninazozifuatilia.

Wanaondoka kwa nini

Sababu huwa zinachanganywa. Wapo walioona fursa sokoni kabisa, wakaifuata. Wapo waliogonga dari: miaka kumi kwenye cheo kimoja huku wakiwafundisha kazi vijana wanaokuja kuwa mabosi wao. Na lipo kundi la tatu ambalo halipendi kujisema hadharani, la wanawake ambao hawakuichoka kazi, wamechoshwa na saa za kazi.

Mwanauchumi wa Marekani, Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi 2023, ametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini pengo la kipato kati ya wanaume na wanawake halifutiki hata pale elimu inapolingana. Sehemu kubwa ya jibu lake ni kwamba kuna kazi zinazomlipa zaidi ya kiasi yule anayepatikana wakati wote. Anayefanya saa 60 kwa wiki hapati tu nyongeza inayolingana na zile saa 20 za ziada. Anapata zaidi, na ndiye anayepandishwa cheo. Nyumba yenye mtoto mdogo haiwezi kuwatoa wazazi wote wawili kwenda kwenye kazi za namna hiyo, hivyo mmoja anarudi nyuma. Sina haja ya kueleza ni yupi.

Goldin alichunguza takwimu za nchi yake, lakini ukimleta Dar es Salaam hesabu inakuwa kali zaidi, maana kwetu kuna foleni. Mama anayeishi Chanika, pembezoni mwa jiji, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mtoto ameshalala. Ofisi nzima inajua kwamba maamuzi ya maana hufanyika kwenye kile kikao kinachoitishwa saa kumi na moja jioni. Asipokuwepo hakuna anayemfukuza. Anasahaulika tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapewa angalau siku 3. Siku 84 zikiisha, mtoto hajafikisha miezi mitatu, na kliniki ileile inayotibu wafanyakazi inamwambia mama anyonyeshe maziwa pekee kwa miezi sita. Sheria ililiona hilo, ikaweka muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kwa anayeishi nyumba ya tatu kutoka ofisini ni msaada wa kweli. Kwa huyu wa Chanika, saa mbili zinaishia Buguruni akiwa bado ndani ya gari.

Katika kundi hili la tatu kuna kuondoka ambako kisheria si kuacha kazi. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinahesabu kuwa mwajiri ndiye amevunja mkataba pale anapomfanyia mfanyakazi mazingira yasiyovumilika mpaka akaandika barua mwenyewe. Kinahesabu vilevile pale anapokataa kumrudisha kazini mama aliyemaliza likizo ya uzazi. Nimesikia wanawake wengi wakisimulia visa vya namna hiyo kama mwanzo wa safari yao ya ujasiriamali: alirudi akakuta meza yake ina mtu, akahamishiwa kitengo kisicho na kazi, akaona aibu, akaondoka "kwa hiari". Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wengi wanakuja kuambiwa haya mwaka wa pili, na mwanasheria aliyekuja dukani kununua keki.

Ndani ya lile fungu

Dhana iliyoenea ni kwamba ukiacha kazi utachukua hela zako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na hizo ndizo mtaji. Zamani ilikuwa hivyo, kupitia fao la kujitoa. Jaribio la kulifuta mwaka 2012 lilizua vurugu kubwa kazini, hasa migodini, serikali ikarudi nyuma. Mageuzi ya 2018 ndiyo yaliyobadili mambo: mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa PSSSF, NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri, na nafasi ya kujitoa ikachukuliwa na fao la kukosa ajira. Fao hili linalipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi. Aliyeacha kwa barua yake mwenyewe hahusiki.

Kwa hiyo dada aliyechangia miaka tisa, yeye asilimia 10 na mwajiri asilimia 10, ana fedha nyingi kwenye mfuko ambazo hawezi kuzishika leo. Hazijapotea, ila hazinunui oveni.

Kiinua mgongo nacho kina mtego kama huo. Sheria inataka alipwe mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, hadi miaka 10, lakini pale mwajiri anapomwachisha. Anayeondoka mwenyewe anadai mshahara wa siku alizofanya, siku za likizo alizolimbikiza na cheti cha utumishi. Anatakiwa pia kutoa notisi ya siku 28 kama analipwa kwa mwezi, la sivyo alipie. Ukikaa chini na kalamu, utaona mwanamke aliyepunguzwa kazini anaanza biashara akiwa na fedha nyingi kuliko mwenzake aliyeondoka kwa ujasiri. Ndiyo maana wajanja husubiri kampuni itangaze zoezi la kupunguza watu kwa hiari, wakaomba wawemo.

Bima ya afya inauma mapema kuliko vyote, kwa sababu inakatika mara moja. Kadi ya kampuni ilikuwa na jina lake, la mume, na la watoto hadi wanne. Kununua bima binafsi ya familia kwa fedha ya mfukoni ni jambo jingine kabisa, na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa hugundua kuwa huduma ya uzazi huwa na kipindi cha kusubiri. Wengi walikuwa wakijiegemeza kwenye Toto Afya Kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, mpaka 2023 utaratibu ulipobadilishwa na watoto kutakiwa kuandikishwa kupitia shule. Kelele za wazazi wakati ule zilionyesha ni familia ngapi zilikuwa zimesimama juu ya kadi ile. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka huohuo wa 2023, na ikitekelezwa ilivyoandikwa itapunguza sana hofu hii. Mpaka hapo, ushauri wa kizamani bado unafaa: mume akiwa kazini, watoto wahamie kwenye kadi yake kabla barua haijaandikwa, isiwe baada.

Mkopo wa mshahara nauweka peke yake kwa sababu umewazamisha watu ninaowajua. Mtu anafikiri kwa akili: nikiwa bado nimeajiriwa nakopesheka, basi nichukue milioni 20 leo, niache kazi mwezi wa tatu. Benki ilimpa kwa sababu marejesho yanakatwa juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia. Mshahara ukisimama, mkopo haupoi. Bima iliyokatwa pamoja na mkopo huo hulinda dhidi ya kifo na ulemavu wa kudumu, nyingine hata dhidi ya kupunguzwa kazini, lakini haimlindi aliyejiuzulu. Biashara changa inaanza kulipa marejesho kabla haijajua wateja wake ni akina nani. Miezi michache mbele, pengo linazibwa na mikopo ya mtaani, ile ya kausha damu, na hapo simulizi inabadilika kabisa.

Wote kwenye keki

Nimetaja keki na oveni makusudi. Ukiangalia biashara ambazo wanawake waliotoka maofisini huanza, nyingi ni zilezile: keki, mapambo ya harusi, saluni, nguo za kuagiza China, vipodozi, kuku. Zinaeleweka, mtaji wake si mkubwa, na mara nyingi zilishaanza kama biashara ya pembeni, wateja wa kwanza wakiwa wafanyakazi wenzake. Hapo pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Wale wenzake walikuwa wananunua kwa sababu keki iliwafuata mezani na mwisho wa mwezi walikuwa na mshahara. Siku anapoondoka, soko lake linabaki ndani ya jengo.

Watafiti wa Benki ya Dunia walilinganisha wanawake wenye biashara Uganda: waliobaki kwenye shughuli zilizozoeleka kuwa za wanawake, na waliovuka kwenda kwenye za wanaume kama uchomeleaji, ufundi umeme na useremala. Waliovuka walikuwa wakipata karibu sawa na wanaume, na takriban mara tatu ya wenzao waliobaki. Kilichowavusha hakikuwa elimu kubwa zaidi. Mara nyingi alikuwepo mtu, baba, mume au rafiki, aliyewafungulia mlango na kuwaonyesha mapato ya upande ule. Wengi waliobaki hawakujua hata kwamba wanapata kidogo.

Kwa mwanamke aliyetoka ofisini, kuvuka hakulazimu kushika mashine ya kuchomelea. Ana kitu ambacho muuza keki wa mtaani hana: anajua jinsi kampuni kubwa inavyonunua. Anajua idara ya manunuzi inataka karatasi gani, malipo yanachelewa wapi, na ni huduma gani ile ofisi ilikuwa inalalamikia kila mwezi. Lorna Rutto wa Kenya aliacha kazi ya benki mwaka 2009 akaingia kwenye taka za plastiki, akawa anazigeuza kuwa nguzo za uzio kupitia kampuni yake ya EcoPost. Ukimsikiliza mtu akisema wazo hilo mwaka ule ungemhurumia. Lakini taka zilijaa Nairobi, nguzo za miti zilikuwa zikipanda bei, na hakukuwa na foleni ya washindani. Tabitha Karanja naye alianzia kwenye ajira ya serikali, akapitia duka la vifaa vya ujenzi na mumewe, kisha 1997 akaanzisha kiwanda cha pombe cha Keroche pale Naivasha. Mvinyo wake wa bei nafuu ulipopigwa kodi kubwa mwaka 2007 alihamia kwenye bia, soko lililokuwa na mfalme wake, na mivutano yake na mamlaka ya kodi imeendelea miaka nenda rudi. Simtaji kama mfano wa kuiga. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba ukiingia kwenye fedha kubwa, matatizo nayo yanakuwa makubwa na yana wanasheria.

Semina za ujasiriamali zenyewe zimekuwa biashara, na ukumbini wanaofaidika kwa uhakika ni waandaaji. Hata hivyo si zote ni kazi bure. Jaribio lililofanyika Togo kwa wafanyabiashara wadogo 1,500, matokeo yakachapishwa 2017, lililinganisha mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko na mafunzo ya kujenga tabia ya kujituma: kuanza bila kuambiwa, kujitofautisha, kurudi baada ya kuanguka. Faida ya waliopata mafunzo ya aina ya pili iliongezeka kwa asilimia 30, na kwa wanawake 40. Ya kawaida hayakuonyesha tofauti ya maana.

Mtaji na karatasi

Ukifuatilia fedha zinazotengwa kwa wanawake utakuta huyu dada anaanguka katikati. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, wanawake wakipata 4, kwa mikopo isiyo na riba. Utaratibu ulisimamishwa 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ukaanza upya 2024. Lakini mikopo hiyo ni ya vikundi, na afisa maendeleo ya jamii akimwona aliyekuwa meneja benki kwenye foleni atashangaa. Upande wa juu, mwaka 2022 benki ya NMB iliuza hatifungani ya Jasiri, yaani ilikopa kwa wawekezaji, kwa ajili ya biashara zinazomilikiwa au kuhudumia wanawake. Ilitafuta shilingi bilioni 25, ikapata zaidi ya bilioni 74. Fedha zipo. Ila ukifika dirishani unaulizwa hesabu za miaka iliyopita, na dhamana.

Dhamana kwetu ni hati ya nyumba, na hati nyingi zina jina moja, la baba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Ulinzi huo ni mzuri mume anapotaka kukopa kwa siri. Mke anapotaka kukopa, mazungumzo yanaanzia sebuleni kabla hayajafika benki. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa 2009 kwa lengo la kulegeza mafundo ya namna hii, na 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta.

Kwenye kodi nitagusa mawili yanayowashtua waliozoea kukatwa PAYE, kodi ya mshahara, bila kuiona. La kwanza: kodi ya makadirio, ile nafuu ya wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, haiwahusu wanaouza utaalamu kama ushauri au mafunzo. Mhasibu aliyeacha kazi akawa mshauri wa kampuni tatu anatakiwa kuwa na hesabu kamili, na wateja wake watamkata kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kumlipa. La pili ni fremu. Mpangaji wa eneo la biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, lakini wenye nyumba wengi wanakwambia bei yao ni mkononi, hiyo ya serikali utajua mwenyewe. Ongeza malipo ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na kilemba, ile fedha ya kumlipa anayekuachia chumba, kama fremu iko Kariakoo, uone akiba inavyokwisha kabla bidhaa ya kwanza haijapangwa kwenye rafu.

"Si uko nyumbani?"

Hili halimo kwenye sheria yoyote, na naamini linaua biashara nyingi kuliko TRA. Aliyekuwa ameajiriwa alikuwa na kinga. Msiba wa ukoo, kamati ya harusi, mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili, mtoto wa kaka wa kupokelewa stendi ya Magufuli: alitoa mchango wake, akaeleweka. Akijiajiri, ukoo mzima unahesabu kwamba yuko nyumbani. Michango haipungui, maana sasa ana "kampuni", na juu yake anaombwa pia siku yake nzima. Dada wa kazi akiondoka hatafutwi haraka kama zamani, mama si yupo. Mume ambaye alikuwa analeta nusu ya matumizi anaweza, bila ubaya wowote, kuanza kusahau kwamba droo ya duka si pochi ya nyumbani.

Wanaolivuka hili kwa kawaida wamefanya jambo moja la kuchosha: wamejilipa mshahara. Kiasi kidogo, tarehe ileile kila mwezi, kutoka akaunti ya biashara kwenda ya kwao, na ndugu wakiomba wanapewa kutoka kwenye mshahara, duka haliguswi. Wengine wanapanga chumba nje ya nyumba hata kama kazi ingefanyika mezani pa kulia chakula, ili wawe na mahali pa kusema "niko kazini".

Na wapo wanaorudi kwenye ajira. Mitandaoni hawapigiwi picha, na wengine hujificha kana kwamba wametoroka jeshi, ilhali waajiri wenye akili wanamtaka mtu aliyewahi kulipa mishahara ya wengine. Wanaouliza kama michango yao ya zamani imekufa, jibu ni hapana. Pensheni ya uzee inataka miezi 180 ya uchangiaji, na si lazima ifuatane. Aliyechangia miaka tisa akiwa benki, akakaa minne kwenye keki bila kuweka chochote, akirudi kazini au akijiandikisha NSSF kama aliyejiajiri, mchango wake wa kwanza unahesabiwa kuwa wa mwezi wa 109.